Matope ya bonde la Malagarasi
Wiki iliyopita niliendesha gari kutoka Uvinza kwenda vijiji vilivyo ndani ya bonde la mto Malagarasi, na kwa kuwa mvua za mkoa wetu wa Kigoma hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, njia ilikuwa tope tupu. Udongo mweusi wa mbuga hunyonya maji, huvimba, kisha hujaa kwenye meno ya matairi mpaka yanakuwa laini na kukosa pa kushika. Kwa sababu hiyo niliunganisha magurudumu yote manne na kuingiza gia nzito, ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi, kabla ya kushuka bondeni, maana gari likishazama hadi ekseli, kufanya hivyo hakusaidii sana. Nilipunguza pia upepo wa matairi ili yakanyage eneo pana zaidi, nikashika mwendo mmoja wa polepole bila kufunga breki ghafla. Kurudi kulikuwa rahisi, jua lilikuwa limewaka. Madereva wenzangu, tafadhali bebeni beleshi, kamba imara na pampu ya kurudishia upepo, na penye maji yaliyotuama shukeni mpime kina kwa mti, kwa kuwa mara nyingi tunabeba wagonjwa na akina mama wajawazito.