Chozi wa Horombo

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nikapanda Kilimanjaro mara ya kwanza nikiwa mgumu, kama tunavyoitwa wabeba mizigo. Usiku wa pili tulilala Horombo, mita 3,720. Alfajiri nilitoka kuchota maji nikaona mmea wa lobelia, mkubwa, na yale maji yanayotuama katikati ya majani yake yameganda juu kama kioo. Nikachuchumaa kuyagusa.

Ndipo alipotua chozi, yule ndege mdogo anayefyonza asali ya maua. Si yule wa migombani kwetu Marangu. Huyu alikuwa mkubwa zaidi, kijani cha kumetameta, mkia mrefu, mdomo mrefu uliopinda. Aling'ang'ania mnara wa lobelia kwa kucha, akawa anachomeka mdomo kwenye maua yaliyojificha, moja baada ya jingine. Dume mwenzake alipokaribia, akatanua vishungi viwili vyekundu kifuani, akamtimua.

"Mdomo wake umerefuka kwa kuuvuta kila siku akitafuta asali," nilimwambia kiongozi wetu, mzee aliyesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Nilikuwa na hakika kabisa.

Mzee akashusha kola ya koti akanionyesha shingo. Ilikuwa na sugu ngumu kama kisigino.

"Baba yangu naye alikuwa nayo. Alibeba mizigo mlima huu huu. Mimi nilizaliwa nayo?"

"Hapana, Mzee."

"Wanangu je?"

Nikanyamaza.

"Mama yako anapataje mbegu ya maharage?"

Nikamwona mama barazani na ungo wake, akitenga punje nene zisizotobolewa. Hizo ndizo zinazorudi shambani masika.

"Anachagua."

"Huku juu baridi ndiyo inayochagua. Chozi ambaye mdomo haufiki kwenye asali hashibi. Na usiku wa huku, ukilala na njaa huamki. Anayeamka ndiye anayeacha watoto, nao wanachukua mdomo wake."

Darasani nilikariri "uteuzi asilia" nikapata alama zangu. Kuelewa nilielewa pale, vidole vikiwa na ganzi.

Miaka baadaye nilisoma kuhusu watafiti waliowachunguza chozi hawa Mlima Kenya. Vile vishungi vyekundu ni silaha ya kulinda lobelia. Mkia mrefu nao unamsumbua dume anapowinda wadudu hewani, ila majike wanaupenda. Hilo lilinikaa kichwani kwa muda mrefu: kitu kinachompunguzia mlo ndicho kinachompa watoto. Kumbe baridi haichagui peke yake. Jike naye anachagua. Ningetamani kumpelekea Mzee habari hiyo, lakini alikuwa ameshafariki.

Nilibeba mizigo misimu sita. Binti yangu wa kwanza alipozaliwa, kabla hata sijamtazama vizuri usoni, nilipitisha kidole nyuma ya shingo yake.