Siku moja na darasa la saba huku Newala: makundi yanayopangwa kufuata kosa la mwanafunzi

Saa 12:30 asubuhi

Agosti huku juu ya uwanda wa Makonde ni baridi na umande, na ndiyo majira ya salfa. Unga wa salfa, dawa ya ukungu, hupulizwa kwenye mikorosho alfajiri, upepo haujaanza, kwa sababu hushika vizuri jani likiwa bado bichi kwa umande. Kwa hiyo mtoto wa darasa la saba anayeingia getini saa hizi huenda ameamka saa tisa usiku kumshikia baba tochi shambani. Macho mekundu, pua inawasha. Ukimpa jaribio hivyo hivyo, alama utakazopata ni za usingizi wake.

Kwa hiyo kabla ya lolote tunauliza: nani ametoka kupuliza? Walionyoosha mikono wananawa uso vizuri, hata kama maji huku ni ya kuhesabu, na karatasi zao za jaribio la asubuhi zinawekwa herufi S pembeni. Karatasi yenye S inasahihishwa kama nyingine, ila haitumiki kumshusha mtu kundi. Wakiwa wengi mno, jaribio linahamishiwa baada ya uji.

Saa 1:30

Baada ya usafi na mstari, maswali kumi ya Hisabati, dakika 20. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ule wa Septemba, una masomo 6, kila somo alama 50, jumla 300. Kila somo lina maswali 40 ya kuchagua na 5 ya kujibu kwa kuandika. Jaribio la asubuhi linafuata umbo hilo kwa udogo: maswali tisa ya kuchagua, la kumi la kuandika njia yote.

Watu wengi wakishapata matokeo hukimbilia jumla. Jumla inaficha mno. Chukua wanafunzi wawili wenye 126, wote daraja C, kwa kuwa C inaanzia 121. Mmoja ana 21 kila somo. Mwingine ana Kiswahili 38, Maarifa ya Jamii 30, Uraia 24, Sayansi 18, Kiingereza 10, Hisabati 6. Ukiwapanga kwa jumla, hawa wanakaa benchi moja na kufundishwa kitu kimoja, wakati huyu wa pili hana shida yoyote ya Kiswahili na kwenye Hisabati amekwama mahali ambapo mwenzake alishapita tangu darasa la tano. Ndiyo maana hapa hakuna mkondo wa "wazuri" na mkondo wa "wazito". Mtoto anaweza kuwa kundi la juu saa mbili na nusu na kundi la msingi saa nne na nusu, na hakuna anayeshangaa.

Saa 2:00

Kusahihisha ni kwa kubadilishana karatasi, kisha kura. Mwalimu anataja swali, kisha A, B, C, D, E, na mikono inahesabiwa ubaoni. Inachukua robo saa na ndiyo robo saa yenye faida kuliko zote za siku. Kanuni ya kusoma kura ni hii: walioshindwa wakirundikana kwenye herufi moja, wana njia moja potofu, na inafundishika leo leo. Wakitawanyika herufi zote, wanabahatisha, maana yake mada haijaingia kabisa; hiyo haitibiwi kwa marudio, inafundishwa upya.

Swali la leo: 24 − 6 × 2 + 8 ÷ 4.

Jibu ni 14. Waliochagua 11 walikwenda moja kwa moja kutoka kushoto: 18, 36, 44, 11. Hawa hawana MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) kichwani. Lakini kuna rundo jingine kwenye 10, na hawa ni wale wanaoikariri MAGAZIJUTO vizuri kabisa. Walizidisha wakapata 12, wakagawanya wakapata 2, halafu kwa kuwa JU imetangulia TO wakajumlisha 12 na 2 kwanza, wakatoa 14 kwenye 24. Kifupisho chenyewe ndicho kilichowaponza. Kuanza na GA kabla ya ZI hakuleti madhara, lakini kuanza na JU kabla ya TO kunaharibu pale alama ya kutoa inapotangulia. Kujumlisha na kutoa ni ngazi moja: unafuata mpangilio kutoka kushoto. Watunga mtihani wanalijua hilo, na 10 haikosekani kwenye vipotoshi, yaani yale majibu ya kutega.

Saa 2:30

Makundi. Vyumba viwili, walimu wawili, wanafunzi sitini na ushee. Kundi halipewi jina la ndege wala rangi; linaitwa kwa kosa lake. Leo kuna "kundi la JU na TO" na "kundi la asili". La kwanza linamalizana kwa dakika 15 tu: mafumbo sita, kila moja likiwa na kutoa kabla ya kujumlisha, na mwanafunzi anapiga mstari chini ya hatua anayoifanya kabla ya kuandika namba. Wakimaliza wanapanda kwenye kazi za kawaida: mzingo, riba, wastani.

Kundi la asili ndilo zito. Hawa kwenye 3/4 + 2/5 waliandika 5/9: walijumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu), asili kwa asili (namba za chini). Kuwaambia "tafuteni KDS" (Kigawe Kidogo cha Shirika) ni kurudia maneno waliyoyasikia tangu darasa la tano. Tunachora mstatili wa safu 4 na nguzo 5, vyumba 20. Robo tatu ni safu tatu, hesabu vyumba: 15. Mbili ya tano ni nguzo mbili, hesabu: 8. Jumla vyumba 23 vya vyumba 20, yaani 23/20, au 1 na 3/20. Wakichora mara tatu nne, KDS wanaiona wenyewe bila kuhubiriwa. Tena wanaona kwa nini 5/9 haiwezekani: robo tatu peke yake imeshapita nusu kwa mbali, na 5/9 imeizidi nusu kidogo tu.

Angalizo: mstatili haukupi KDS siku zote. Kwa 1/4 + 1/6 utapata vyumba 24, ilhali KDS ni 12. Usimkatize mtoto. Aandike 6/24 + 4/24 = 10/24, kisha arahisishe kuwa 5/12. Njia fupi ije siku inayofuata, akishaamini kuwa jibu lake la njia ndefu ni sahihi.

Mwalimu anayebaki na kundi la msingi, kama hili la asili, awe yule mwenye uzoefu zaidi. Shule nyingi hufanya kinyume: mwalimu hodari anapewa wanaofaulu, mgeni anapewa waliokwama, halafu inashangaza kwamba hawapandi.

Saa 4:00

Uji. Ofisini mwalimu wa taaluma analeta tena hoja ya kuwatenga walio chini moja kwa moja mpaka Septemba, wafundishwe mepesi tu. Mfano wa kulinganisha ni Singapore. Nao wana mtihani wa mwisho wa msingi, na kifupi chake ni PSLE kama wetu. Tangu 2008 waliacha mkondo mmoja wa jumla kwa darasa la tano na la sita, wakaingia mfumo wa kila somo na ngazi yake: mtoto anaweza kusoma Hisabati ya ngazi ya msingi na Kiingereza cha ngazi ya kawaida. Tangu 2021 matokeo ya kila somo hutolewa kwa madaraja 8, la kwanza likianzia alama 90, na jumla ya masomo manne huwa kati ya 4, iliyo bora, na 32.

Sehemu ya kuiga ni ile ya somo kwa somo. Isiyoigika ni hii: kule aliyesoma ngazi ya msingi hufanya pia karatasi ya ngazi ya msingi, na alama A yake huhesabiwa sawa na daraja la 6. Kwetu karatasi ni moja kwa wote, awe Oysterbay kule Dar es Salaam au Kitangari huku Newala. Ukimweka mtoto kwenye mepesi mpaka Septemba, siku ya mtihani atakutana na mada ambazo hajawahi kuziona. Kwa hiyo kundi la msingi huku ni daraja la kuvukia, na lazima liwe na tarehe ya kuvunjwa. Yetu ni kila Ijumaa. Aliyepata 8 kati ya 10 kwenye karatasi tatu mfululizo anatoka. Aliyepata chini ya 4 mara mbili mfululizo anaingia. Karatasi zenye S hazimwingizi mtu.

Saa 4:30

Kiswahili, na vyumba vinachanganyika upya. Shida kubwa mbili. Kwanza, waliokulia Kimakonde nyumbani huandika l mahali pa r, "lafiki", "balabala". Kwenye maswali ya kuchagua haileti hasara kubwa. Hasara iko kwenye yale matano ya kuandika. Dawa ni imla ya maneno kumi kila siku, basi, maneno yaleyale mpaka yatoke safi.

Pili, kupanga sentensi zilizochanganywa ziwe habari moja. Wanaanza kwa kutafuta sentensi ya kwanza na kukwama hapo. Anza na zilizoshikana: sentensi yenye "hiyo", "wao" au "baadaye" haiwezi kutangulia ile inayotaja kitu chenyewe. Funga jozi mbili kwanza, iliyobaki itajiweka.

Kiingereza kinafuata saa sita kasoro. Kipimo ni nyakati tu wiki hii: tafuta kwanza neno linalotaja wakati ndani ya sentensi, lizungushie, ndipo uangalie vitenzi ulivyopewa.

Saa 8:00 mchana

Hiki ndicho kipindi ambacho tungekilinda hata kama vingine vyote vingefutwa.

Swali la mafumbo: Mzee alivuna kilo 480 za korosho, akauza robo tatu kwa shilingi 2,500 kila kilo. Alipata shilingi ngapi? Mtoto kaacha wazi. Kabla ya kumrudisha kwenye sehemu, msomee swali kwa sauti, taratibu, mara mbili, bila kumweleza. Akipata 360, kisha 900,000, basi hisabati anayo na kinachomshinda ni kusoma. Bado wapo darasa la saba wanaosoma silabi kwa silabi. Wakifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshawatoka. Kumpa huyo mazoezi zaidi ya sehemu ni kumwonea.

Wanaogundulika hivyo wanakuwa na nusu saa ya kusoma kila mchana, wawili wawili, kitabu cha darasa la tatu au la nne. Msomaji wa kwanza anasoma aya, wa pili anaeleza kwa maneno yake, wanabadilishana. Wanaona haya kushika kitabu cha wadogo, na haya hiyo huwafanya watorokee nyumbani, kwa hiyo tunawapa kazi rasmi: wanajiandaa kuwasomea darasa la nne, ambao upimaji wao wa kitaifa uko Oktoba. Siku ya Alhamisi wanakwenda kusoma kweli.

Saa 9:00

Mazoezi ya fomu ya kujibia. Alama nyingi hupotea hapa bila mtu kukosa jibu. Swali la 1 hadi 40 ni penseli ya HB, unasiliba, yaani unatia kivuli, herufi ya jibu. 41 hadi 45 ni kalamu ya wino wa bluu au mweusi. Makosa yanayojirudia ni matatu. Kusiliba hafifu. Kufuta kwa kifutio kichafu au kidole chenye mate, kivuli cha kwanza kikabaki, mashine ikaona majibu mawili. Na baya kuliko yote: kuruka swali la 17, kisha kusiliba jibu la 18 kwenye mstari wa 17, na kuanzia hapo kila kitu kinahama. Zoezi lake ni kituo kila baada ya matano: ukifika 5, 10, 15, gusa namba ya swali kwenye karatasi na namba ya mstari kwenye fomu, zilingane.

Muda pia. Hisabati ni saa 2. Dakika 2 kwa kila swali la kuchagua zinakula 80, dakika 5 kwa kila la kuandika zinakula 25, zinabaki 15 za kukagua. Swali likipita dakika 3, wekea alama ndogo kwenye karatasi ya maswali, songa mbele, na usisahau kuruka mstari kwenye fomu.

Saa 10:30 jioni

Wanaondoka. Wazazi waliofika wanaambiwa jambo moja tu kuhusu mtoto, linalofanyika nyumbani: "Mama, leo usiku akusomee ukurasa huu, wewe msikilize tu." Na kwa baba mwenye shamba: "Siku za salfa tupe taarifa mapema, shehe, tumpangie jaribio mchana."

Saa 2:00 usiku

Maswali kumi ya kesho. Manne yanatoka kwenye kura za leo, na vipotoshi vyake ni majibu yao wenyewe: 5/9 inarudi, 10 inarudi. Matatu ni ya wiki iliyopita, mawili ya mwezi uliopita, moja la kuandika njia. Asiyerudisha ya mwezi uliopita atayakuta yameyeyuka Septemba. Yanaandikwa kwa mwandiko mdogo, seti nne kwenye karatasi moja ya A4, asubuhi zinarudufiwa na kukatwa. Karatasi 16 zinatosha darasa zima.