Kanga Kinywani mwa Labrado

Jirani wa chini kaleta mbwa, labrado wa rangi ya majani makavu, na tangu juzi binti yangu hana habari nyingine. "Mama, yule anauma?" Nikajibu haraka mno: "Yule? Hata yai anaweza kulibeba lisivunjike." Baba yake akaacha kula, akanitazama. Mtoto wa Ngamiani, Tanga, habari za mbwa nimezijulia wapi?

Ni kule Leeds, Uingereza, kwa bibi mwenye nyumba niliyokaa, mwaka ule wa masomo. Mnaonisoma siku zote mnajua nilivyofika: begi moja, baridi ya Januari, na barua ya makazi isiyotaja popote kwamba mwenye nyumba anafuga. Mbwa niliowajua mimi ni wa aina mbili. Kuna wa nyuma ya geti lililoandikwa "Mbwa mkali", na kuna koko wa jalalani wa kurushiwa mawe. Huyu alikuwa labrado mweusi tii, akanipokea mlangoni na kiatu cha bibi kinywani. Siku za mwanzo sikushuka ngazi kabla ya kusikiliza yuko wapi.

Bibi alipenda kueleza. Siku moja alimshika mguu akampanua vidole nione: ngozi imeunganisha kidole na kidole, kama bata. Akasema asili yao ni mbwa wa Newfoundland, Kanada, waliowasaidia wavuvi kuvuta nyavu na kukamata samaki walioponyoka. Katika karne ya 19 mabwana wakubwa wa Kiingereza wakawaleta kwao wawaokotee bata waliopigwa risasi, na 1903 Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, kikawatambua rasmi. Mimi baba yangu mvuvi. Hapo moyo ukalegea. Kidogo.

Sasa Jumamosi hiyo bibi katoka. Nimefua kanga ninayoswalia, nimeitandaza juu ya hita ya ukumbini. Natoka bafuni, nasikia kucha zinagonga mbao. Anakuja. Kanga i kinywani, ncha moja inaburuzwa chini, na chini ya kidevu kinachochuruzika mate jina lake linasomeka herufi kwa herufi: HASIDI HANA SABABU. Nikataka kupiga kelele, sauti haikutoka. Naye akaketi mbele yangu, mkia unafagia sakafu, ananitazama usoni kama anayesubiri kupokelewa mzigo. Hatafuni, havuti. Mkono wangu ukanyooka wenyewe, na ulipogusa nguo tu, akaachia. Nikaikagua pindo kwa pindo. Imelowa, ina joto la pumzi yake, lakini sikuona tundu hata la jino moja. Kumbe hicho ndicho walichokitafuta wale wawindaji, kizazi baada ya kizazi: kinywa laini, cha kumleta ndege bila kumchubua.

Lakini mate ni mate. Nimelelewa katika madhehebu ya Shafii: palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Udongo gani, Leeds, mwezi wa kwanza? Bustani ilikuwa imeganda, kijiko kikapinda. Nikarudi ndani nikachota kwenye chungu cha maua cha dirishani. Bibi anaingia, ananikuta na beseni la tope, kanga ndani, mbwa kaketi pembeni anafuatilia kila suuzo. Nikamweleza kwa Kiingereza cha kuungaunga. Hakucheka. Aliuliza tu kama nataka glavu.

Chuoni Msudani mmoja akaniambia kwao, katika madhehebu ya Malik, mbwa si najisi, na kule kuosha mara saba ni ibada tu. Nilifurahi, kisha nikajitilia shaka: nilikuwa natafuta elimu au natafuta ruhusa?

Maua yalipochanua mimi ndiye niliyekuwa nikimtembeza. Tuligombana kwa jambo moja tu, tumbo lake. Bibi alimpimia chakula kwa kikombe, yeye akajiongezea chapati zangu. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walitangaza kwamba karibu robo ya malabrado wana hitilafu katika jeni iitwayo POMC, inayoendana na njaa na unene. Nilipoisoma habari hiyo nikamsamehe chapati zote. Wamarekani nao hawakumwona mwizi: kuanzia 1991 hadi 2021 ndiye aliyeongoza orodha yao ya mbwa wanaosajiliwa, mpaka buldogi wa Kifaransa alipomng'oa.

Mama nilimhadithia kwa simu kisa cha kanga, nikitarajia ugomvi. Akanyamaza, akawaza, akauliza, "Huo udongo wa chungu, haukutiwa samadi?" Nikaenda kuusoma mfuko kule stoo. Umetiwa, tena ya ng'ombe, na samadi nayo kwetu ni najisi. Basi kanga ile niliiacha kuswalia, na mbwa nikaendelea kumkuna shingo kila jioni. Msiniulize hesabu yake.