Siku moja maishani mwangu: wakili, Arusha

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai nimehesabu tena siku kwenye kalenda. Zimebaki 9 za kupinga mahakamani uamuzi wa kumnyima mteja wangu hifadhi ya ukimbizi. Kanuni za mwaka 2014 zinatupa miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa kuomba kibali cha kufungua mapitio mahakamani, yaani shauri la kumwomba Jaji achunguze namna uamuzi ulivyofikiwa. Kibali kikitoka, shauri lenyewe lifunguliwe ndani ya siku 14.

Saa 1:15. Kifodi (daladala) cha Sakina kimejaa, nimesimama hadi mjini.

Saa 2:00. Mama, mteja wangu, ameshafika ofisini, kakaa ngazini. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Ametoka Kivu, mashariki mwa Kongo (mambo kadhaa nimeyabadilisha ili asitambulike). Barua ya kumkatalia hifadhi ina mistari miwili. Sababu haikuandikwa. Mtu anaambiwa arudi alikokimbia risasi, na hata haelezwi ni neno lake lipi halikuaminika! Nimeisoma mara nyingi na bado inaniuma.

Saa 2:30 hadi saa 6. Kiapo, yaani ushahidi wake wa maandishi. Kazi hii huwezi kuiharakisha. Mama anasimulia: "Walisema jirani yetu walimchinja." Namuuliza, uliona mwenyewe? Hapana, aliambiwa. Naifuta sentensi, kwa sababu kiapo chenye maneno ya kusikia kinaweza kutupwa, na jirani yule anabaki nje ya faili. Linabaki alilolishuhudia: nyumba yake ikiungua, na siku ya mahojiano alipokatizwa kabla hajafika hapo. Aya hiyo ya mahojiano ndiyo roho ya shauri. Nimemsomea yote polepole, kisha tumekwenda kwa kamishna wa viapo, wakili wa ofisi nyingine, na mama akaweka dole gumba.

Saa 7. Loshoro (mahindi na maziwa mgando), haraka.

Saa 8. Ameniuliza swali ninaloliogopa kila mara: "Kwa hiyo Jaji atasema mimi ni mkimbizi?" Hapana, mama. Jaji haamui hilo. Anaangalia kama ulisikilizwa, kama sheria ilifuatwa, kama sababu zilitolewa. Akiona kasoro anautengua uamuzi, na ombi lako linarudi kuamuliwa upya. Akanyamaza muda mrefu. "Basi nisikilizwe mpaka mwisho," akasema.

Nimeomba pia kibali kisimamishe utekelezaji wa uamuzi ule wakati shauri linaendelea, maana akirudishwa leo, ushindi wa kesho utamfaa nani? Ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini, na Mkataba wa wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 unakataza hata kumzuia mpakani. Nimenukuu pia hukumu ya Anudo Ochieng Anudo ya Machi 2018, iliyotolewa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu hapa hapa Arusha. Ile ilihusu uraia. Lakini mtu yule alifukuzwa nchini bila kupewa nafasi ya kusikilizwa, akaishia kukwama mpakani kati ya Tanzania na Kenya, na mahakama ikasema haki yake ilivunjwa.

Saa 10:20. Nimepandisha nyaraka kwenye mfumo wa mahakama pamoja na hati ya dharura, ya kuomba tusikilizwe haraka. Mtandao umekatika mara mbili. Ada imelipwa.

Saa 2 usiku. Mama amepiga simu. Tarehe bado haijapangwa, lakini anataka kujua avae nini mbele ya Jaji. Nimemwambia kitenge chake kile cha bluu kinatosha.