Nimesoma Ayubu mzima kwenye treni ya kwenda Mbeya

Nlikuwa naenda Tukuyu kwa mama, arobaini ya mdogo wangu wa kiume. Nikaamua nipande TAZARA badala ya basi maana nlitaka nafasi ya kusoma, msibani kila mtu alikuwa ananiambia kazi ya Mungu haina makosa na mi nkawa naitikia tu ila moyoni nawaka. Mwingine akaniambia kabisa tuchunguze familia, pengine kuna dhambi haijatubiwa. Mtoto wa watu kafa na homa halafu unatafuta dhambi!

Kwaiyo tukatoka Dar mchana, niko kitanda cha juu na Biblia na daftari, nikaanza Ayubu sura ya kwanza. Kondoo 7,000, ngamia 3,000, watoto kumi, vyote vinaondoka siku moja. Jioni tukaingia kwenye hifadhi, watu wote dirishani wanaangalia twiga, mi nikashuka nikaangalia kidogo nikarudi kusoma. Wale marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walivyofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Hapo nawapenda kweli. Shida ilianza walipofungua mdomo, na ukisoma taratibu unaona wanachosema ni kilekile cha msibani kwetu, umeteseka basi kuna ulichokosa, tubu. Nkawa naandika kwenye daftari, huyu ni fulani, huyu ni shangazi fulani.

Kulikuwa na mama mmoja chumbani anashuka Ifakara, akaniuliza mwanangu mbona unasoma unalia, nikamwambia. Akasema pole mwanangu, akamenya chungwa akanipa nusu, akakaa kimya mpaka alipofika kwao usiku.

Asubuhi tumeshapita Mlimba, treni inapanda milima kuelekea Makambako, mahandaki na madaraja yanafuatana, kwenye handaki unasubiri tu mwanga urudi ndo uendelee na mstari. Huko ndo nlifika sura ya 38. Nlidhani sasa Mungu atamwambia Ayubu sababu, maana sisi wasomaji tunaijua tangu sura ya kwanza, kwamba Shetani ndo aliomba kumjaribu, Ayubu ndo hajui. Hamwambii! Anamuuliza kuhusu misingi ya dunia, simba, kunguru, mbuni, farasi, sura nzima nzima za wanyama. Nlikasirika kwa kweli, nikafunga kitabu. Nlivyorudi nikakutana na 42:7 na hiyo ndo imenishika mpaka leo, Mungu anamwambia Elifazi hasira yangu imewaka juu yako na rafiki zako wawili, hamkunena yaliyo sawa kama mtumishi wangu Ayubu. Yani yule aliyelalamika, aliyeomba kesi na Mungu, ndo amesema sawa, na wale waliomtetea Mungu ndo wanatakiwa watoe sadaka halafu waombewe na Ayubu. Kwaiyo kumlilia Mungu kwa hasira sio kukosa imani, mi naamini hivyo kwa moyo wote, maana Ayubu alikuwa anasema NAYE na wale wenzake walikuwa wanasema habari zake tu.

Mbeya nikachukua kosta, Tukuyu mvua na baridi kama kawaida. Usiku baada ya watu kutawanyika nikamsomea mama sura ya mwisho, ndugu za Ayubu wanakuja wanakula naye, kila mtu anampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu, mama akasema kumbe na wao walikuwa na rambirambi. Mifugo ikarudi mara mbili, kondoo 14,000, watoto wakazaliwa kumi. Mama akaniuliza, na wale kumi wa kwanza? Nikamwambia mama, haijaandikwa. Akasema basi hilo nitamuuliza mwenyewe, wewe nirudishe pale Ayubu anapoilaani siku aliyozaliwa. Nikamsomea sura ya 3 yote, mistari 26, na kila nikimaliza mstari mama anaitikia, ndiyo.