Farasi aliyekula kofia

Ukitaka kujua namna tamthilia ya maneno mengi inavyogeuzwa kuwa filamu isiyo na sauti, tazama Un chapeau de paille d'Italie (Kofia ya majani makavu ya Italia) ya mwongozaji Mfaransa René Clair (1928). Tamthilia yenyewe waandishi Labiche na Marc-Michel waliiandikia jukwaa la Paris mwaka 1851. Clair akausogeza wakati wa hadithi hadi 1895. Siku ya harusi, farasi wa bwana harusi, Fadinard, anatafuna kofia ya mwanamke aliyeolewa ambaye amejificha vichakani na afisa wa jeshi. Lazima ipatikane nyingine kama ile kabla mume hajashtuka.

Clair alibana sana maandishi ya kwenye skrini. Badala yake wahusika wana kero za kuonekana: baba mkwe viatu vinambana, mjomba kiziwi ana pembe ya kusikilizia. Uzuri wenyewe uko kwenye hotuba ya meya anayefungisha ndoa: mke mmoja anamwashiria mumewe kuwa tai imeshuka, mara wanaume wengine nao wanashika zao! Kwenye ukumbi wa tamthilia, aliyekaa nyuma angeikosa ishara ndogo kama hiyo. Kamera inamletea karibu.

Epukeni nakala zinazokimbizwa kupita kasi ya upigaji. Ishara hupita kabla jicho halijaidaka, na kichekesho kinakufa.