Amabere, pango linalodondosha maziwa

Nilitoka Kasese, magharibi mwa Uganda, na taksi ya asubuhi, tukapita Hima kwenye kiwanda cha simenti, tukaingia Fort Portal. Hima naitaja makusudi, maana pale mawe ya chokaa yanasagwa na kuchomwa, na mi safari yangu ilikuwa kwenda pango la Amabere kuona chokaa ikijijenga yenyewe tone kwa tone.

Kutoka mjini unachukua bodaboda, si mbali, migomba njia nzima. Getini vaa gambuti jamani, kule chini ni utelezi mtupu.

Pango lenyewe si kubwa. Watu wanashuka, selfi mbili, wanapanda. Mi nilikaa. Maporomoko yako pembeni yananguruma mpaka mnaongea kwa kupaza sauti, na ndani mawe yananing'inia kama chuchu, kila ncha ina tone lake jeupejeupe. Mzee aliyetutembeza akasimulia habari za Nyinamwiru, binti wa Mfalme Bukuku, alivyokatwa matiti na babake, na mtoto wake Ndahura akanyonyeshwa na hayo mawe, yule yule Ndahura anayesimuliwa kuwa mfalme wa Bachwezi, wale watawala wa kale wa masimulizi ya huku. Alivyosimulia, kila mtu kimya.

Halafu nikamuuliza, mzee, sasa haya maziwa yanatoka wapi? Akanyoosha kidole juu, kwenye miti. Ni hivi, mvua ikizama kwenye udongo inachukua hewa ya kaboni, maji yanakuwa makali kidogo, yanayeyusha chokaa iliyoko kwenye majivu ya volkano yaliyogandaga zamani (huku kote ni kreta, yaani mashimo ya volkano), yakifika pangoni ile hewa inatoka na chokaa inabaki pale nchani, kiasi cha kutoonekana kwa macho, ndo maana jiwe la urefu wa mkono limekula miaka na miaka. Kwa hiyo miti ya juu ikikatwa mvua inateleza tu, inabeba udongo mpaka kwenye kijito, na pango linakosa maji.

Akanionyesha jiwe moja limevunjwa, kavu kabisa. Mengine yamekuwa meusi kwa kushikwashikwa, kumbe mafuta ya mkono yanazuia chokaa isigande. Roho iliniuma sana.

Walimu mnaoleta watoto pale, nawaomba, waambieni getini kabla hawajashuka kwamba yale mawe hayashikwi.